Vitundu Kumi na Vinane

Beseni likipasuka katika mtaa ule halitupwi. Linapelekwa kwa Mama Kibonge. Ndoo iliyotoboka, dumu lililochanika sikio, jagi lililoanguka likaachana na mkono wake, vyote hufika barazani kwake asubuhi na kupangwa foleni kama wagonjwa. Yeye huketi kwenye kigoda, jiko la mkaa kulia, gunia la vipande vya plastiki kushoto, na mbele yake visu vitatu vilivyopoteza mipini zamani. Kimoja kimo motoni, cha pili kinapoa, cha tatu kiko kazini. Mwanawe, Kibonge mwenyewe, mwenye miezi tisa na mashavu ya kumtosha mtu mzima, huwekwa mbali na moto ndani ya beseni kubwa la bluu lenye ufa usiozibika. Ndilo beseni pekee lililowahi kumshinda mama yake.

"Hilo halikukushinda," muuza mboga wa jirani humtania. "Ulikuwa unatafuta kiti cha mtoto."

Ufundi huo aliupata kwa baba yake, alipomaliza darasa la saba na hapakuwa na darasa jingine la kwenda. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alimfundisha kwamba plastiki huungwa na nduguye, ngumu kwa ngumu, laini kwa laini. Na alimfundisha asiamini macho, aamini maji. Ukimaliza kuziba, jaza maji, kaa chini, tazama. "Maji hayana haya," mzee alikuwa akisema. "Yakiona tundu yatapita tu, hata mbele ya mgeni. Na tundu usilihurumie. Ukilihurumia leo, kesho linakuletea mwenye ndoo mlangoni."

Kwa mafunzo hayo Mama Kibonge aliishi vizuri na watu, mpaka alipoyapeleka kwenye pumzi za mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mwoka mikate. Miaka ishirini na miwili alikuwa akienda kiwandani jua likizama na kurudi jua likiwa limeshapanda, unga umemkaa kwenye nyusi. Watu wengine wakianza kazi, yeye ndiyo kwanza anavua viatu. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwili wa kujaza mlango, na mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutania. "Mimi nimeumuka," alikuwa akisema, "tatizo nimesahaulika tanurini."

Lakini mwaka uliopita usingizi wake ulianza kumgeuka. Alikuwa akikoroma, mara kimya, pumzi imekatika, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Kazini akawa anasinzia amesimama. Siku moja alisinzia mbele ya mashine ya kukandia unga, ikamla mkono wa gauni mpaka begani. Wenzake walizima umeme, wakamtoa salama, na hakuna aliyecheka. Ndipo hospitali ilipompa ile mashine ya pumzi: kasha dogo lenye ukubwa wa mkate, bomba refu ambalo nyumba nzima ililiita mkonga, na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Kasha linasukuma hewa, mkonga unaibeba, barakoa inaifikisha. Mwanawe, mume wa Mama Kibonge, ndiye aliyempeleka, wakapewa maelezo wote wawili, kisha akarudi zake kazini, kwa kuwa yeye ni fundi rangi wa majengo na majengo yake yako mbali.

Kuosha barakoa ilikuwa kazi ya Mama Kibonge. Kila mchana, mama mkwe akishaamka, aliipeleka barazani. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kuanika kivulini. Palikuwa na kipande kimoja cha kuangaliwa: kiwiko, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, iliyopinda kama mkono uliokunjwa, inayounganisha barakoa na mkonga.

"Hicho usikivute," mama mkwe alimwelekeza siku ya kwanza. "Kizungushe kwa mkono. Taratibu. Kama unamvua mtoto soksi amelala."

Na taratibu ndivyo alivyofanya, miezi saba, hadi Jumatano moja.

Jumatano hiyo mama mkwe aliamka na neno. "Mtoto amelia sana leo, mama. Sikulaumu. Ila nimejiuliza, ulikuwa wapi?"

Alikuwa hatua tano kutoka kwa mtoto, na ndoo ya mtu mapajani na plastiki ya moto kwenye ncha ya kisu. Mkwe hajibu. Lakini neno lile alitoka nalo mpaka barazani, akaliketisha kando yake. Mtoto akaanza kulia tena, meno yanatoka. Mteja alikuwa amesimama anagonga beseni lake kwa vidole, ko ko ko, kama anabisha hodi. Na kiwiko, siku hiyo kati ya siku zote, kikagoma. Alikizungusha, kikateleza kwa sabuni. Alikizungusha tena. Mkono wake ukaenda wenyewe mahali unapoenda kitu kikigoma.

Ukachukua koleo.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ganda la njegere likipasuliwa. Alipokiinua kwenye mwanga aliuona ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka pale mkonga unapoingia. Kiwiko kilikuwa bado kimoja, lakini kimoja cha mashaka. Akajisemea, huu nitauziba leo leo, Mama akishakwenda kazini, na hatajua. Akairudisha barakoa mahali pake kwa vidole viwili.

Jioni mtoto akapanda joto. Akawa wa kubebwa, wa kupozwa, wa kuimbiwa, na usingizi ulipomchukua ulimchukua pamoja na mama yake. Alipofumbua macho mama mkwe alikuwa ameshaingia, ameshavua viatu, na chumbani kasha lilikuwa limeshaanza kuvuma.

Saa nane mchana mama mkwe alitoka chumbani na kiwiko kiganjani, vipande viwili.

"Nimekivunja," alisema.

Mama Kibonge alisimama na kisu chake cha moto mkononi.

"Ni mwili huu. Nimegeuka nikakilalia." Hakuwa anatania. Alikuwa akivitazama vile vipande kama mtu anayesoma barua mbaya. "Kazini wakinicheka nacheka nao. Lakini mtu akifika mahali pa kuvunja pumzi yake mwenyewe kwa uzito wake, hapo pa kucheka ni wapi?"

"Mama..."

"Usinitetee, mwanangu. Najijua."

Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Mama Kibonge alilihisi pale, dogo, jepesi kutamka: si wewe, ni mimi. Lakini nyuma yake palikuwa na koleo, na nyuma ya koleo palikuwa na hasira ya jana, na hasira ya mkwe ni kitu kisichokuwa na mahali pa kuwekwa nyumbani. Neno likarudi lilikotoka.

"Nitakitengeneza, Mama," alisema.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Basi, ikawa hivyo. Aliyevunja akawa mwokozi.

Kipuri kile hakiuzwi dukani. Kinaagizwa na hospitali kuu, na kinakuja kinapotaka chenyewe. Na kila siku bila mashine ilikuwa siku ya mama mkwe kusinzia mbele ya tanuri. Kwa hiyo Mama Kibonge alifanya kazi ile kama hajawahi kufanya nyingine. Gundi aliikataa, gundi inanuka siku tatu na hiki ni kitu cha puani. Alipekua gunia lake akitafuta ndugu wa kiwiko, akigonga vipande kwa kucha na kusikiliza, mpaka akakipata katika rula ya shule iliyovunjika, ngumu, yenye kupitisha mwanga. Visu vilikuwa vinene mno, akatumia msumari. Aliuchovya motoni, akayeyusha rula tone kwa tone, akashona ufa kama anavyoshona mtu jeraha la mtoto wake. Akapiga msasa mpaka kidole hakikuona mahali ulipokuwa. Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akakisafisha.

Kisha akaamini maji. Alifunga mdomo mmoja wa kiwiko kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakizamisha kwenye beseni, akapuliza kwa upande wa pili. Ufa ulinyamaza. Lakini juu yake, pale kiwiko kinapopinda, vipovu vyembamba vilipanda kama uzi wa shanga.

Alikitoa, akakifuta, akakiinua kwenye jua. Vilikuwa vitundu, vidogo kama vya ncha ya sindano, vimejipanga duara. Akavihesabu. Kumi na vinane.

Hapo alisita, na baadaye alikumbuka vizuri kwamba alisita. Vilikuwa vimenyooka mno. Ufa haupangi mistari. Lakini akajiuliza, nani mwenye akili zake atoboe kitu cha kubebea hewa? Akakumbuka jinsi barakoa ile ilivyokuwa ikinong'ona sss, sss, mchana kutwa, na jinsi mama mkwe alivyokuwa akilalamika kwamba inampulizia mkono. Ni uchakavu huu, akasema. Imekuwa ikivuja siku zote na hakuna aliyejali.

Tena palikuwa na jambo jingine, ambalo halikuwa la plastiki. Mtu aliyevunja na kunyamaza harudishi kitu kilekile. Atataka kurudisha kilicho bora kuliko kilivyokuwa, ili deni lake lipate nguo ya zawadi. Basi akachukua sindano, akaipasha moto, akaviziba vyote, kimoja kimoja, mpaka cha kumi na nane. Akazamisha tena. Maji yakatulia kama yamelala.

Mama mkwe alipoivaa siku iliyofuata alinyoosha kidole gumba kabla ya kufumba macho. Na alipoamka alisema, "Ee, mama, umenyamazisha mashine. Zamani ilikuwa inanong'ona kama watu wa umbea. Hii mikono yako ina baraka."

Mama Kibonge alishukuru, akatazama chini. Sifa ile ilimwingia kama ule msumari.

Tangu hapo mama mkwe akawa analala kwa kukaa. Alipanga mito mitatu mgongoni, akajiegemeza, akakunja mikono kama abiria, ili asigeuke akavunja tena. Na mkate aliokuwa akija nao kutoka kazini, ambao zamani alikuwa akila nusu yake na chai, sasa alikata kipande chembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili.

"Kula, Mama," Mama Kibonge alimwambia.

"Nitakula mwili ukipungua."

Kitanda cha mama mkwe kilikuwa cha chuma, cha springi, kikongwe kuliko ndoa nyingi za mtaa ule. Alipokuwa akigeuka, springi zilikuwa zikitoa neno refu, kriiii-ko, linalosikika mpaka barazani. Mgeuko wa kwanza huja karibu na saa nne, na Mama Kibonge alikuwa akiutumia kama saa: akiusikia, anabandika uji wa mtoto. Sasa saa nne ilikuwa inapita kimya. Uji ukachelewa, mtoto akadai haki yake kwa sauti, na mama yake akaketi na kisu mkononi akisikiliza kitanda kisichosema kitu.

Siku ya nne mama mkwe aliamka kichwa kinamuuma. Siku ya tano kichwa na jasho. Siku ya saba aliamka barakoa ikiwa shingoni, ameivua mwenyewe bila kujua.

"Nimeota nimefungiwa tanurini," alisema, akishika paji la uso. "Si la moto. Tanuri bovu tu, na mlango umefungwa, na mimi napumua pumzi yangu ileile."

Mama Kibonge alimletea kitambaa cha maji baridi, akamkanda, akapika chai. Mama mkwe alimshika mkono. "Mungu akupe, mwanangu. Mwanangu wa kumzaa yuko kwenye ngazi huko anapaka ukuta wa watu, na wewe ndiye unanikanda."

Kichwa hicho Mama Kibonge alikijua, au alidhani anakijua. Ni njaa, alijiambia. Mtu mwenye mwili ule, kazi ile, halafu anakula kipande cha kuonea mwanga. Na njaa ile nimeipika mimi. Siku hiyo mumewe alipompigia simu alijaribu kulitoa lile neno. "Mama hali vizuri," alisema. "Anadhani ndiye aliyevunja kile kiwiko."

"Kwani si yeye?" Akacheka upande wa pili. "Mama bwana. Alivunja kitanda kizima nikiwa darasa la tatu, sembuse plastiki."

Alikuwa na nafasi pale, pana kama mlango wa kanisa. Alisema, "Haya, kazi njema," akakata simu. Mara ya kwanza unaweza kusema umeshikwa na woga. Mara ya pili umeshachagua.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe alirudi kutoka kazini amebeba ndoo kubwa nyeupe yenye kifuniko. Aliitua barazani, akaegemea nguzo kidogo, kwa kuwa kichwa kilikuwa naye tangu jana na hakikutaka kuachana naye.

"Ya kiwandani hii. Tunalaza chachu humu. Imepasuka kitako, nikawaambia ninaye fundi nyumbani, acheni kelele." Akagonga kifuniko kwa kucha. "Ila hapa usiguse. Unaona hiki kitundu? Nakujua wewe, ukiona tundu mkono unawasha."

"Si kitavuja, Mama?"

"Kinatakiwa kivuje. Chachu ni kitu hai, inapumua. Mwaka juzi mwoka mmoja mgeni alikiziba kwa donge la unga, eti wadudu wasiingie. Tukasikia bomu. Kifuniko kiko darini, chachu iko ukutani, yeye mwenyewe yuko chini ya meza." Akacheka, akashika kichwa kwa kucheka. "Nikamwambia, baba, kitu kinachopumua hakihitaji pa kuingizia tu. Kipe na pa kutolea. Haya, mimi nakwenda kukaa usingizi wangu."

Akaingia. Kasha likaanza kuvuma.

Mama Kibonge aliipindua ndoo, akaweka kisu motoni, akaanza kukwangua ule ufa. Kifuniko kilikuwa kando. Kibonge alinyoosha mkono kutoka kwenye beseni lake, akakivuta, akatia kidole chake kinene katika kile kitundu. Kikaenea barabara. Mama yake akamtoa kidole, akakitazama kitundu kwa jicho la kazi. Ukingo wake ulikuwa laini. Haukuwa na nyuzi, haukuwa na meno. Tundu la ajali huwa na meno. Hili lilitobolewa na mtu aliyekuwa akijua anachofanya, palepale alipotaka.

Ufa haupangi mistari.

Mkono wake ulisimama. Alianza kufikiri polepole, kama mtu anayehesabu kwa vidole. Kasha linasukuma hewa ndani. Mkonga umejaa hewa inayokwenda, haina nafasi ya inayorudi. Mama anavuta. Halafu anatoa. Akitoa, inakwenda wapi?

Akaweka kiganja chake juu ya pua na mdomo wake, akakibana. Akavuta, akatoa, akavuta. Mara ya tatu ilikuwa ya moto. Mara ya nne alikumbuka tanuri bovu, mlango umefungwa, na napumua pumzi yangu ileile.

Aliiacha ndoo, akakiacha kisu motoni, akaingia chumbani bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe.

Mama mkwe alikuwa amekaa kati ya mito yake mitatu, kichwa kimeinama, paji limelowa jasho, uso wenye rangi ya mkate usioiva. Mama Kibonge alifungua ukanda wa barakoa, akaitoa puani.

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho. "Nini? Mtoto?"

"Mtoto mzima, Mama. Ni mimi." Akapiga magoti kando ya kitanda, barakoa mkononi. "Nimekuzibia pa kutolea pumzi."

"Unasemaje?"

"Kiwiko kilikuwa na vitundu. Kumi na vinane. Nikadhani kinavuja. Nikaviziba." Akakigeuza amwonyeshe, na havikuonekana, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri. "Ni kile kitundu cha chachu, Mama. Ndicho hikihiki. Kichwa chako ni mimi."

Mama mkwe alimtazama, akatazama kiwiko, akamtazama tena. Usingizi ulikuwa ukimtoka taratibu. "Kumbe," alisema. Halafu, "Hukujua. Hata mimi niliambiwa nisizibe kitu pale, na nimekumbuka sasa hivi. Inuka, mwanangu. Mtu hahukumiwi kwa wema uliokosea njia."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Angeweza kuinuka. Msamaha ulikuwa umeshakunjuliwa, ni kuuvaa tu na kutoka nao.

"Kuna jingine," alisema, bado magotini. "Hukukivunja wewe."

Mama mkwe alijiinua kutoka kwenye mito.

"Nilikivunja mimi, siku ile uliponiambia mtoto amelia. Nilikuwa na hasira. Nikakishika kwa koleo."

"Koleo?"

"Koleo, Mama."

"Siku nilipotoka na vipande mkononi. Ulikuwa umeshajua."

"Nilijua."

Kasha lilikuwa bado linavuma peke yake, likimpulizia mtu asiyekuwepo. Mama mkwe alinyoosha mkono, akalizima.

"Siku kumi na mbili nimelala kama niko kituoni," alisema polepole. "Nimejipima kwenye mizani ya unga, kazini, mbele ya watu. Nimeuomba mwili wangu msamaha. Na wewe unanikanda kichwa."

Palikuwa na maneno mengi ya kujitetea na yote yalikuwa ya kweli: mtoto, homa, mteja na ko ko ko zake. Mama Kibonge hakutoa hata moja.

Mama mkwe alishuka kitandani, akampita, akaenda jikoni. Kisu cha mkate kilisikika kikikata. Alikata kipande kinene kama tofali, akakipaka siagi, akakila amesimama, mgongo kwa mlango. Akakata cha pili. Alipokimaliza aligeuka.

"Mtoto umemwacha na nani?"

"Yuko barazani kwenye..."

"Umemwacha na moto?"

Wakakimbia wote wawili. Kibonge alikuwa palepale katika beseni lake, mbali na jiko, amevaa kifuniko cha chachu kichwani. Bibi yake alimnyanyua, akambana kifuani, akaenda naye ndani bila kumtazama mama yake. Mama Kibonge akabaki na ndoo ya kiwanda. Akaiziba. Kitundu cha kifuniko hakukigusa.

Asubuhi iliyofuata walikwenda hospitali kuu, mama mkwe mbele, yeye nyuma na mtoto mgongoni. Daktari alimpima mama mkwe akamwona yu salama. Mhudumu wa mashine, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya, alikichukua kiwiko akakiinua dirishani, akakigeuza, akapitisha ukucha.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi," alisema Mama Kibonge.

"Kazi safi sana hii. Sijaona mtu kuunga namna hii." Akavua miwani. "Ndiyo ubaya wake. Ungekuwa fundi mbovu, pumzi ingepata pa kutokea na mama asingeumwa kichwa. Shukuru alikuwa anaivua usingizini." Akafungua kabati, akatoa kiwiko kipya kilichobaki katika boksi la barakoa nyingine. "Hiki hakiungwi. Kikivunjika, njoo. Na mseme kimevunjikaje, hatumfungi mtu."

Mama mkwe alitazama ukuta.

Nyumbani hakutukanwa. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Mama mkwe alisema yaliyohitaji kusemwa, chumvi iko wapi, mtoto ameoga, na barakoa akaiosha mwenyewe. Kila mchana alijaza maji ya uvuguvugu, akakaa kwenye ngazi ya nyuma na vidole vyake vinene vya kukandia unga, akazungusha kiwiko taratibu, kama anamvua mtoto soksi. Mama Kibonge alimwona kupitia dirisha na hakuthubutu kusema lete nikusaidie. Mkate ulirudi kuliwa nusu. Kichwa kiliondoka. Lakini mito mitatu ilibaki mahali pake na kitanda hakikusema neno. Ule woga ulikuwa umeshaondolewa kwa maneno, lakini mwili wenyewe haukuambiwa.

Kiwiko alichokiunga hakukitupa. Alikining'iniza kwenye msumari juu ya jiko lake. Wateja wakawa wanauliza, "Hicho ni cha nani?"

"Changu," anajibu.

"Kizuri. Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu."

Siku ya tisa mama mkwe alirudi kutoka kazini, akala, akaoga. Kabla ya kwenda kulala alitoka barazani na barakoa mkononi, akaiweka mapajani mwa Mama Kibonge, juu ya ndoo aliyokuwa akiiziba.

"Kwa mkono," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na taratibu."

Aliizungusha. Kiwiko kilitoka. Akakiosha, akakikausha, akakiinua kwenye jua, akavihesabu vitundu kimoja kimoja midomo ikicheza, na mama mkwe akasimama pale akingoja mpaka alipofika kumi na vinane. Wakaingia wote. Kasha lilipovuma, mama mkwe alimshika kiganja akakiweka juu ya kiwiko.

"Kinatoa?"

Upepo mwembamba ulimgusa vidole, sss, sss, kama umbea wa zamani. "Kinatoa, Mama."

"Basi nenda. Na mtoto akilia nitajua uko wapi."

Mama Kibonge alirudi kwenye kigoda chake. Hakujua kama lile neno la mwisho lilikuwa mzaha au kovu, na hakuuliza. Aliweka kisu motoni. Jua lilipanda ukutani. Kibonge alisinzia ndani ya beseni lake. Mama yake alikuwa akiyeyusha kipande cha bluu kwenye kitako cha ndoo, uso umeinama, ndipo chumbani springi zilipotoa neno refu, zito, kriiii-ko, la mtu mzima anayegeukia upande.

Plastiki ilimdondokea kwenye kidole ikamuunguza. Akakinyonya kidole, akanyanyuka, akabandika uji. Ilikuwa saa nne.